Kazi Hii Isipite kwa Fundi

Siku tatu kabla ya harusi yangu nilifungua kabati la karakana nikajikuta nimeng'olewa meno yote.

Sitanii. Kwenye rafu ya chini, juu ya sinia la bati, lilikuwapo taya langu la juu la plasta, jeupe pee, na mahali pa meno pamebaki fizi tupu. Matusi yaliyonijia sitayaandika hapa. Sanamu ya kinywa changu niliimimina mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa mafunzo, maana kila anayejifunza kutengeneza meno bandia huanza na kinywa chake, na tangu siku hiyo inakaa dirishani ikizuia karatasi zangu zisipeperuke. Nikasema leo mtu atanitambua. Nani huyo amekaa na kisu, akanikwangua jino baada ya jino, na mimi Jumamosi naolewa?

Nikageuka dirishani nihakikishe. Meno yangu yalikuwa palepale, yote, juu ya karatasi.

Nikabaki nimesimama katikati ya chumba, naangalia sanamu hii, naangalia ile. Kosa langu halikuwa la kipumbavu. Katikati ya kaakaa langu kuna nundu ya mfupa, ndogo, kama punje ya harage iliyolalia upande wa kushoto. Si ugonjwa na haiumi, na watu wengi tu wanazo za namna yao. Lakini kwa miaka saba ya kushika vinywa vya watu sijawahi kuona nyingine iliyolala vile, yenye kijifereji kinachoikata kwa nyuma. Naijua kwa ncha ya ulimi tangu utotoni. Na sasa ilikuwa mkononi mwangu, ndani ya kinywa cha mtu mwingine.

Shangazi aliyenilea, kila nilipokataa kufanya alichotaka, alikuwa akiniambia kwamba ukaidi na nundu vyote nimevitoa mahali pamoja, kwa mama yangu. Mama huyo, kwa maelezo ya shangazi, alipata mume mpya baada ya baba kufariki, mume asiyetaka mtoto wa mwenzake, akaniacha nikiwa na miaka mitano na akaenda zake bila kugeuka nyuma. Nimekua na maelezo hayo. Nimeyalilia, nimeyazoea, nikafika mahali nikawa nayasimulia hata kwa wageni bila sauti kubadilika.

Nikaivuta kadi iliyokuwa chini ya sinia. Mwandiko niliujua kabla sijasoma neno, kwa sababu nina droo nzima ya vikaratasi vya mwandiko huo nyumbani, na mwanamke mzima wa miaka ishirini na minane sioni haya kukiri kwamba huvitoa na kuvisoma. Ulikuwa mwandiko wa Daktari wa ghorofani, mchumba wangu. Jina la mgonjwa hakuandika. Aliandika namba, na mwanamke, na miaka hamsini na mmoja, na meno ya juu na ya chini, na kwamba atakuja kuyajaribu yakiwa bado kwenye nta, Jumatano saa sita mchana. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, amepigia mistari miwili: KAZI HII ISIPITE KWA FUNDI.

Fundi ni mimi. Jengo zima hakuna mwingine anayeitwa hivyo. Mwenzangu wa karakana ni mzee anayestaafu mwakani, tunamwita Babu Nta, na jana alasiri homa ilimshika akaenda nyumbani, akaacha ujumbe kwamba nimalizie zilizo kabatini mwake. Mabamba ya nta, ya juu na ya chini, alikuwa ameshayapanga meno, yamo kwenye sinia lile lile. Masikini hakukumbuka. Lau si homa yake, Jumamosi ningeolewa huku nimekenua meno.

Niseme kuhusu Daktari, ili mtu asije akadhani nilikuwa naolewa kwa sababu ya koti jeupe. Nilimpenda kwa mikono yake kwanza. Mikono mikubwa, lakini akishika uso wa mtoto anayelia, mtoto ananyamaza. Miaka miwili nilikuwa nasikia hatua zake ngazini, anashuka mbilimbili, harufu ya mafuta ya karafuu ikitangulia, na moyo wangu ukianza vituko vyake kabla hajafika mlangoni. Siku ya kwanza tulipozungumza nilikuwa kwenye kiti chake na jino bovu. Alisogeza kioo chake kidogo, akaiona nundu, akasema, "Wewe hata ukipotea, kwa hii tutakupata." Nilicheka na kioo mdomoni. Usiku huo sikulala kwa furaha.

Kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyeijua nundu ile kuliko yeye. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza nikipanda ngazi na sinia mkononi, saa sita kasorobo, aproni ikiwa bado imejaa unga wa plasta.

Alitoka chumbani mwake nilipofika kizingitini, akavuta mlango nyuma yake. Macho yake yaliangukia kwenye sinia, sio kwangu.

"Babu Nta yuko wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Hakuniita mpenzi, hakunijulia hali.

"Ana homa," nikamwambia. "Kwa hiyo imepita kwa Fundi."

Rangi ilimshuka usoni. Daktari hana uso wa kuficha kitu, ndiyo maana sikuwahi kufikiri kwamba ana kitu cha kuficha. Akaanza kuniambia nishuke chini, tutazungumza mgonjwa akishaondoka, na atanieleza kila kitu. Nikamuuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini kwa sababu nilijua mlango ule ni mwembamba.

"Ni yeye?"

Akaniangalia. Nilimwona akitafuta pa kukimbilia na asipaone.

"Ni yeye."

"Umejua tangu lini?"

"Hii ni wiki ya saba."

Wiki saba. Katika wiki saba hizo tulichagua pete, tukagombana kuhusu orodha ya wageni, tukacheka kuhusu orodha ya wageni. Alinishika mkono akaniambia kwamba kiti cha mama yangu kikiwa wazi siku ile, yeye atakuwa mume na mama pia. Alisema maneno hayo huku anajua mama yangu anakaa wapi na ana miadi siku gani.

Alinieleza harakaharaka, nusu ya maneno yakimkwama. Mwanamke alikuja kung'oa meno manne ya mwisho. Daktari alipoona kaakaa lake alitania, akasema anamjua mtu mmoja mwenye nundu kama hiyo, yuko chini hapo hapo, na mwanamke yule akashuka kitini akalia. Aliulizwa umri wa mtoto wake, na kazi ya marehemu mumewe, na mtaa waliokuwa wakiishi. Kila jibu lilikuwa langu. Baada ya hapo mchumba wangu alivua koti, akatoka, akapita mbele ya dirisha langu, na akaenda moja kwa moja kwa shangazi.

"Kwa nini kwa shangazi? Kwa nini hukuingia mlango wangu?"

"Yeye ndiye mkubwa wako. Ndiye aliyenipokea, ndiye niliyemtolea posa. Niliona heshima ni kuanzia kwake."

"Heshima ya nani?"

Alisema shangazi alimwapiza. Alimwambia nikijua kabla ya harusi, harusi haipo, nitachanganyikiwa, nitakimbilia kwa mama yangu, na shangazi mwenyewe ataondoa ridhaa yake mbele ya ukoo wote. Afadhali tuoane kwanza, halafu mambo mengine yatafuata kwa utaratibu.

"Niliogopa kukupoteza," akasema.

"Kwa hiyo ukaona afadhali mimi nizidi kumpoteza mama."

"Ningekwambia Jumapili."

"Jumapili. Nikishatia saini."

Alinyoosha mkono kunigusa bega na hapo ndipo nilipoona aibu ya nafsi yangu, kwa sababu bega langu lilimtaka. Macho yake yalikuwa mekundu, harufu ile ya karafuu ilikuwa palepale, na sehemu yangu ya kijinga ilitamani kuegemea kifua kile kinisaidie kustahimili jambo alilonitenda mwenye kifua. Nilirudi nyuma hatua moja. Nikamwambia anipishe, ninaye mgonjwa wa kumjaribisha meno.

Akanipisha.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno kwenye kile kijia cha hatua sita kutoka mlangoni mpaka kitini. Yalikuwa maneno mazuri, makali, niliyoyanoa kwa miaka ishirini na mitatu nikifua, nikipika, nikitembea njiani. Mwanamke aliyekuwa kitini alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka. Amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kwenye sherehe, viatu vimefutwa, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi. Aliponiona aliinuka nusu, akaketi, akaziba mdomo kwa kiganja. Macho yalikuwa yangu. Sina namna nyingine ya kueleza, nilikuwa naangaliwa na macho ninayoyaona kila asubuhi nikinawa.

"Wewe ni mama yangu?"

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye kile kiganja.

"Basi niambie kwa nini."

Akatikisa kichwa. Nikauliza tena, kwa sauti iliyopanda. Akatikisa tena, mkono haubanduki mdomoni, na kwa mkono wa pili akaonyesha sinia. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa damu ilinichemka. Mama yangu hakutaka kuniambia neno lake la kwanza akiwa kibogoyo. Nimemsubiri tangu nina miaka mitano, na bado natakiwa nisubiri avae meno.

"Sawa," nikasema. "Fungua mdomo."

Nikavaa glavu. Daktari alikuwa amesimama dirishani, na kwa mara ya kwanza ndani ya chumba chake hakuna aliyemhitaji.

Niliweka bamba la juu. Likacheza. Nikalibonyeza kushoto likainuka kulia, nikalibonyeza kulia likainuka kushoto, na mama akakunja uso kwa maumivu akijaribu nisione. Babu Nta ana miaka arobaini kwenye kazi hii, lakini hana nundu, na alikuwa amelipitisha bamba lake juu ya mfupa kana kwamba hapana kitu. Mtu mwingine angehitaji kupaka unga na kutafuta mahali panapogusa. Mimi nilijua kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikawasha taa ya spiriti, nikapasha kisu, nikakwangua nta mahali pale pale, kwa upana ule ule, na kijifereji cha nyuma nikakiachia nafasi yake. Nikapitisha kidole kwenye kaakaa lake kuhakikisha. Nundu ilikuwa ya moto chini ya glavu.

Nikaweka tena. Likakaa, halikucheza. Nikaweka la chini, nikamwambia aume taratibu.

"Hesabu kuanzia sitini," nikamwambia. Ndivyo tunavyofanya kwa wote, kwa sababu herufi ya s ndiyo inayoumbua meno yaliyopangwa vibaya.

Mkono wake ulikuwa umerudi mdomoni; akaushusha. Akaanza kuhesabu polepole, macho yakiwa kwangu. Sitini, sitini na moja. Sitini na mbili ilipiga mluzi, nikatoa bamba, nikasogeza meno mawili ya mbele kwa unywele tu, nikarudisha. Akaanza upya. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya kukwaruza, na niliisikia shingoni kabla sijaisikia masikioni, kwa sababu ndiyo sauti iliyokuwa ikinihesabia ngazi nilipokuwa najifunza kupanda. Alifika sitini na tano.

"Sikukuacha," akasema.

Herufi ya s ilitoka safi kabisa.

Alizungumza akiwa amekaa wima, mikono mapajani, kama anayetoa ushahidi. Baada ya baba kufariki, yeye aliugua mapafu akalazwa miezi minane, katika wodi ambayo watoto hawaruhusiwi. Shangazi ndiye aliyenichukua, na mama alimshukuru kwa hilo. Alipotoka hospitali alikuta nyumba yetu inakaa watu wengine. Akaenda kwa shangazi, akakuta naye amehama. Mwenye nyumba akampa ujumbe alioachiwa. Ujumbe wenyewe ulisema kwamba mtoto alishikwa na ugonjwa ule ule na hakupona, na kwamba wamemzika mbali.

"Niliuliza kaburi liko wapi," mama akasema. "Miaka miwili niliuliza. Halafu nikachoka kuuliza. Nikawa nalia bila kaburi."

Mimi nililelewa nikiamini kwamba mama yangu hanitaki, na yeye alikuwa ananilia maiti. Na mtu mmoja alikuwa akijua yote mawili, akinisuka nywele, akinikagua madaftari, akiniambia nishukuru kwamba kuna aliyenitaka.

Niligeuka dirishani.

"Na hili ulikuwa unalijua? Kwamba nilitangazwa maiti?"

Daktari aliitikia kwa sauti ambayo haikufika.

Nilidhani nimefika mwisho wa hasira. Lakini hasira, nimegundua, ina chumba cha uani, na kutoka huko nikamrudia mama mwenyewe. Nikamuuliza na yeye je. Wiki saba amekuwa akipanda zile ngazi, juu ya kichwa changu, ananijua niko wapi. Amekuja mara sita. Kwa nini hakugonga?

Mkono ulianza kupanda mdomoni, akaukamata kwa mkono wa pili akaurudisha mapajani.

"Mchumba wako aliniomba nisubiri, akasema unahitaji kutayarishwa. Lakini sitamsingizia. Mara ya kwanza nilipita dirishani kwako. Umeinama, una plasta mpaka kwenye nyusi, unafanya kazi. Mtu mzuri hivyo. Nikajitazama kwenye kioo cha mlango wako, mdomo umeingia ndani, nimekuwa kizee. Nikasema mwanangu asinione hivi. Nipate meno kwanza, nikamsalimie kama mtu." Akameza mate. "Ulikuwa ujinga. Lakini ndio ukweli."

Nilitaka kumfokea. Nilifungua kinywa kabisa. Kisha nikayatazama yale meno yaliyopangwa kwenye nta, niliyoyasogeza kwa unywele dakika chache zilizopita, na sikupata pa kuanzia. Nilikaa kwenye kile kigoda cha Daktari. Magoti yetu yaligusana, na hakuna aliyeondoa la kwake.

Nikatoa simu, nikampigia shangazi, nikaweka sauti ya wote kusikia.

Alipokea akiwa mchangamfu. Alikuwa kwa fundi cherehani, akasema gauni limebaki kupigwa pasi tu, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekaa na mama yangu. Upande wa pili cherehani peke yake ndiyo iliyosikika, halafu nayo ikasimama.

Hakukana. Nitampa hilo. Alisema madaktari walikuwa wameshamkatia tamaa, walimwambia mgonjwa hafiki mwisho wa mwaka, na mtoto alikuwa analia kila jioni akimtaka mama. Yeye hakuwahi kujaliwa wa kwake. Aliona anipe kitu cha kuchukia badala ya kitu cha kungojea, kwa kuwa mtoto anayechukia angalau anakula. Hivyo ndivyo alivyosema. Halafu mgonjwa akapona, na uongo ulikuwa umeshaota mizizi. Ule ujumbe wa kwa mwenye nyumba, alisema, aliuacha kwa kuogopa tu kunyang'anywa.

"Nyumba yangu uliijaza wewe," akasema, sauti ikikatika. "Mimi ndiye niliyekulea. Homa zako zote nimezikesha mimi. Usinihesabie siku moja ukasahau miaka yote."

Ningependa kuandika kwamba maneno yake hayakunigusa. Yalinigusa. Homa zile kweli alizikesha, na mkono wake kwenye paji langu niliukumbuka hata nikiwa nimemshikia simu kama kisu.

"Sijasahau, shangazi. Kila siku nilikushukuru kwa kuniokota. Kumbe wewe ndiye uliyeniangusha."

Akaniita mwanangu. Akaanza kusema tutalimaliza baada ya Jumamosi, wageni wameshaalikwa, watu watatucheka. Mama, aliyekuwa na haki ya kumwambia chochote, alikuwa ameinamisha kichwa na kusikiliza sauti ya mwanamke aliyemzikia mtoto aliye hai. Nilimuuliza kwa macho kama ana neno. Akasogea karibu na simu.

"Alikuwa anakula vizuri?" akauliza. "Alipokuwa mdogo?"

Shangazi alilia. Nilisikia kilio chake, kisha nikakata simu kwa sababu kilikuwa kinataka kunifanya nimhurumie, na sikuwa tayari.

Daktari akaja akapiga goti kando ya kigoda, kwenye sakafu yake mwenyewe inayonukia dawa. Aliomba msamaha. Hakutia chumvi, hakumlaumu shangazi, na alisema waziwazi kwamba aliogopa na kwamba woga wake aliupa jina la heshima. Kama ningekuwa nasoma habari ya mtu mwingine, ningempenda kwa namna alivyosema. Jicho lake la kushoto lilikuwa linapiga kope kama linavyofanya akiwa hajalala, na nikagundua kwamba wiki saba hizi lilikuwa likipiga kila siku, nami nikimwambia apunguze kazi.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "usimwache kijana wa watu kwa ajili yangu. Nimekuja kuongeza, sikuja kupunguza."

"Si kwa ajili yako, mama."

Kwa neno hilo, mama, sikuwa nimemwita mtu tangu nikiwa na miaka mitano, na lilitoka likiwa limekasirika. Alilipokea hivyo hivyo. Alifunga macho kidogo, akafungua.

Meno ya nta hayaendi nyumbani. Yanayeyuka kwa chai tu. Nilimweleza mama kwamba lazima niyarudishe chini, niyageuze kuwa meno ya kweli, niyang'arishe, ndipo yawe yake. Akayatoa mwenyewe, bamba la juu, kisha la chini, akanikabidhi. Akauliza, kwa mdomo ulioingia ndani na maneno yaliyolegea, yatakuwa tayari lini.

"Jumamosi."

Akanitazama, akamtazama Daktari aliyekuwa bado sakafuni, akanitazama tena. "Jumamosi si ndiyo harusi yako?"

"Ilikuwa," nikasema. "Jumamosi nina kazi."

Nikamsaidia kushuka kitini. Alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anayevuka barabara yenye magari mengi, na tukaanza kuelekea mlangoni, sinia mkononi mwangu wa pili. Sikuwa na haja ya kugeuka kujua Daktari amesimama, nilisikia viatu vyake. Viatu vile nilivyovisikiliza miaka miwili.

"Unaniacha?" akauliza.

Nilisimama. Kwa kweli nililitafuta jibu, nililitafuta mahali pote ambapo lingeweza kuwapo, nikakuta hapa nampenda na hapa simwamini, na hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake. Nikageuka ili anione usoni.

"Sijui," nikamwambia. "Nikijua, nitakwambia siku hiyo hiyo. Sitakaa nalo wiki saba."